Niliwapeleka wazee kwenye makaburi ya wazazi wangu, nikampoteza baba mdogo

Wakuu, salamu kutoka Sigowet. Haya yalinitokea mwenyewe na sitaongeza chumvi. Natamani ningeweza kupunguza.

Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo. Mimi ndiye kifungua mimba, msichana. Niliacha shule darasa la sita, nikaenda kuchuma chai estate kule Kericho ili wadogo zangu watatu wasome. Baba mdogo akabaki akituangalizia shamba.

Miaka ya tisini nilirudi. Nikakuta makaburi ya wazazi yana simiti, bila jina wala tarehe, na mstari wa chai ya baba mdogo umeyagusa.

Nikaamua kichwani kwamba simiti iliwekwa wiki ya mazishi, chai ikafuata. Yaani amekula shamba la mayatima.

Sikumuuliza. Nilienda moja kwa moja kwa wazee wa kijiji.

Siku ya kikao baba mdogo alisema, "Chai ilitangulia makaburi. Marehemu ndugu yangu alinipimia kipande hiki mwenyewe."

Nikamjibu mbele ya watu, "Marehemu hawezi kukukana, ndiyo maana unamtaja."

Mzee mmoja aliyewahi kuwa nyapara wa chai akapiga magoti kaburini. Wenye chai mnajua: hukatwa chini kila baada ya miaka michache, na kila mkato huacha kifundo kwenye shina. Akachokora udongo kwa kisu, akaniita.

"Wewe mchumaji, njoo usome. Simiti imekumbatia kifundo cha kwanza. Sasa simiti ilimwagwa kwenye chai iliyokwisha kukatwa, ama chai ilipandwa ndani ya simiti?"

Watu wakacheka. Miaka yote ile kwenye chai, na sikuwa nimeinama kutazama.

"Na simiti iliwekwa na nani?" mzee akauliza.

"Ni mimi, wiki ile ile ya mazishi, yeye akiwa ameshaenda estate," baba mdogo akasema. "Mvua ilikuwa inayabomoa."

Wakuu, kipande kile alipewa yeye. Lakini wiki iliyofuata aling'oa mstari ule wote kwa mikono yake, na hakukanyaga kwetu tena. Nilipopata ujasiri wa kwenda kuomba msamaha, alikuwa amelazwa, hawezi kusema tena.

Baada ya mazishi yake nilinunua simiti ya kaburi lake. Wanawe wakaniambia kwa upole, "Dada, rudi nayo. Baba tutamwekea sisi."

Funzo langu: kabla hujampeleka mtu wa damu yako kwa wazee, keti naye umuulize.

Kama kuna aliyechelewa kama mimi, ulirudije kwa watoto wa marehemu? Semeni tu, hata mkinilaumu nitasoma.