Ijumaa Twyla Alipomsubiri Mdogo Wake

Ijumaa hapa Sheboygan, Marekani, ni siku ya samaki wa kukaanga, nami nimehudumu kwenye baa hii miaka kumi na tisa. Twyla Brandt, fundi wa mapazia, namjua vizuri: aliwahi kunirushia bakuli la kabichi kwa sababu nilihudumia meza nyingine kwanza. Ana ugonjwa wa haiba, ule wa akili unaofanya hisia zisitawalike. Akihisi anaachwa, hawaki kidogo.

Tangu Januari anatibiwa na Petra, mtaalamu wa nafsi. Jumanne wanazungumza. Alhamisi anavikwa kofia ya nyaya inayosoma ubongo, afuate pumzi yake huku mstari kwenye skrini ukishuka kila akitulia. Miezi miwili mstari uligoma kushuka, maana Twyla alikuwa akiulazimisha, meno kayauma.

“Unashindana nao?” Petra akamwuliza.

“Kwani nishindwe?”

“Hapa hakuna kombe, Twyla. Hasira ikija, iangalie tu, itapita.”

Mimi niliposimuliwa nilicheka. Kofia ya nyaya, jamani!

Mdogo wake, Corinne, alikuwa hajala naye tangu siku Twyla alipomtumia matusi arobaini kwa simu. Juzi akakubali kuja Ijumaa hii saa kumi na moja na nusu jioni, kwa sharti moja: tusi moja tena, undugu basi.

Saa kumi na mbili ikafika, Corinne hayupo. Nikaondoa bakuli la kabichi mezani.

“Ananidharau huyu,” Twyla akasema, akachukua simu na kuanza kuandika. Nikajua yameisha. Mara akaifuta yote, akaigeuza simu kifudifudi, akafumba macho.

“Imekuja, Verne.”

“Nini?”

“Hasira. Iko hapa kifuani, ina joto.”

“Nikuletee maji?”

“Niache niiangalie, bwana!”

Nikamwacha. Baadaye mabega yake yakashuka, akaomba mkate.

Corinne akaingia, pua nyekundu kwa baridi.

“Nisamehe. Nilichelewa dakika kumi tu, nikaogopa kuingia. Nimekaa garini muda wote huu, simu mkononi, nikisubiri matusi yako.”

“Ehe?”

“Hayakuja, Twyla.” Akaanza kulia palepale, koti bado mwilini.

“Nilikuwa na moja tamu sana,” Twyla akasema, naye machozi yakimtoka.

“Lipi?”

“Kaa ule, samaki wanapoa.”

Samaki wenyewe walikuwa bado jikoni. Nikakimbia kuwaleta, nimefurahi mpaka nikasahau limau.