Bi Verdell na Kituo cha Kura cha Nebo

Siku kaunti ilipowapa akina dada karatasi ya heshima, Verdell Tisdale alivaa suti yake ya kijivu, akafunga skafu ya manjano, akaendesha gari hadi mjini Pinder bila kukumbuka hata kona moja aliyokata. Wiki ya tano ilikuwa inakatika tangu amzike mumewe, Roscoe. Watu wakimwuliza hali alijibu, "Nipo." Na kweli alikuwepo, kama kiti kinavyokuwepo sebuleni.

Akina dada hawa ni chama cha wanawake waliosoma chuo, na wana mambo yao. Unaingia chamani ukiwa msichana wa chuo, mnapangwa mstari kwa kimo, mfupi mbele na mrefu nyuma, kila mmoja anapewa namba, na namba hiyo utazeeka nayo. Verdell ni namba sita wa mwaka sabini na nne. Wapo watu wakimaliza chuo wanaacha mambo ya chuo hukohuko, lakini hawa wakizeeka ndiyo kwanza wanakolea. Pale Pinder, Georgia, walikuwa thelathini na mmoja: walimu, wauguzi, karani mstaafu wa posta, na mmoja mwenye nyumba ya mazishi. Walipima watu presha baada ya ibada, waliwagawia watoto madaftari, waliandikisha wapiga kura nyumba kwa nyumba, hata zile zenye mbwa wakali. Kazi ya Verdell ilikuwa moja tu. Siku ya uchaguzi aliwachukua wazee wa Barabara ya Nebo kwa gari lake, akawapeleka kupiga kura kwenye ukumbi wa kanisa, akawarudisha. Alikuwa ameifanya miaka ishirini na miwili.

Sasa baraza la kaunti lilitaka kukifunga kituo hicho. Watu wa Nebo wakapigie kura kwenye jengo la michezo kando ya barabara kuu, maili kumi na nne, na huko basi haliendi. Katika orodha ya kikao cha siku ile, jambo hilo lilikuwa la tisa. Heshima ya akina dada ilikuwa jambo la tatu.

"Tunapokea karatasi, tunapiga picha, tunarudi ndani kupigana," alisema mwenyekiti wao, Marchetta Bynum, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mpaka leo akikohoa watu wazima hunyamaza. Kadi ya kuomba nafasi ya kusema alishaijaza, na hotuba ya kurasa tatu ilikuwa mkobani.

Mwenyekiti wa baraza, Haskell Rudd, aliisoma ile karatasi taratibu, neno "huduma" likarudi mara sita. Watu wakapiga makofi. Akina dada wakatoka kwenda kupiga picha kwenye ngazi za mbele. Verdell akabaki kitini.

"Wewe, twende," akasema Odessa Pettigrew, namba tano, akimtikisa bega.

"Nakuja."

"Unakuja lini? Usipokuja nitasimamishwa kando ya Jolene, na marashi ya Jolene unayajua. Nitazimia mimi."

"Tangulia, Odessa."

Odessa alimtazama kidogo, akaenda. Asidhani mtu kwamba Verdell alibaki kwa ushujaa. Miguu ilikataa kuinuka tu, naye hakuona sababu ya kubishana nayo.

Dirisha lilikuwa wazi, na kelele za nje ziliingia. Picha ya akina dada haipigwi hivihivi. Hupangwa kwa mwaka, na ndani ya mwaka kwa kimo, na hapo ndipo vita huanza.

"Jolene, nyuma! Wewe ni wa sabini na tisa!"

"Nyuma nitaonekana nini? Kofia tu?"

"Na wewe Odessa, rudi huku, umefupika."

"Nimefupika mimi? Tazama viatu alivyovaa huyo! Avue kwanza!"

Ndani, Haskell Rudd alisema mambo kuanzia la nne hadi la nane hayajakamilika, yaahirishwe, yupo anayepinga? Hakuna. Dakika moja haikuisha. "Jambo la tisa," akasema. "Vituo vya kura."

Karani akaita, "Marchetta Bynum." Akaita tena.

"Yuko nje," Verdell akajikuta anasema. "Anapanga watu."

Ukumbi ulicheka.

"Ameitwa mara mbili," akasema Rudd. "Wajumbe, tupige kura."

"Nitasema mimi."

"Una kadi, bibie?"

"Kadi ni ya dada yangu."

"Utaratibu wetu—"

"Haskell, mwache mama wa watu," akadakia Ferrell Oakes, mkulima wa karanga, mjumbe mzee kuliko wote. "Sasa hivi tumetoka kumpigia makofi. Ndiyo tumfunge mdomo?"

Rudd akapumua. "Dakika tatu."

Verdell akasimama mbele ya kipaza sauti. Hotuba hakuwa nayo. Alichokuwa nacho kichwani ni njia yake ya siku ya uchaguzi, basi akaifuata.

"Barabara ya Nebo. Nyumba ya kwanza, Ola Crumpler, miaka tisini na mmoja, hana gari. Ya pili, Cato Suggs, mguu mmoja. Ya tatu, mtu na mkewe, wao wana gari ila macho hawana. Ya nne, Bi Permelia, huyo nampeleka Jumanne ya kura, kati ya kusafishwa figo Jumatatu na Jumatano, hawezi kukaa garini sana. Ya tano na ya sita ni ndugu, hawasemezani, napeleka mmoja asubuhi na mwingine mchana. Ya saba, Roscoe Tisdale..."

Mtu akakohoa huko nyuma. Karani alikuwa anaandika, akainua kichwa.

"Huyo mfuteni," akasema Verdell, kwa sauti ileile. "Amefariki. Ya nane, mama Lavonia, anatumia oksijeni..."

Akaendelea hadi nyumba ya kumi na tisa, saa ikalia, akarudi kukaa.

Ferrell Oakes akamgeukia karani. "Huko kwenye michezo ni maili ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda tu."

Oakes akatoa hoja jambo liahirishwe hadi Januari, uchaguzi wa Novemba ukishapita. Watatu wakanyoosha mikono, wawili hawakunyoosha.

Verdell akatoka nje.

"Namba sita!" Marchetta akamwita. "Mstari una pengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza!"

"Wameshalifanya lile la tisa."

Mkono wa Marchetta ukaenda mkobani, ukabaki humo. "Na?"

"Limeahirishwa hadi Januari. Watatu kwa wawili."

"Nani alisema?"

"Mimi."

"Ulisema nini?"

"Majina."

Marchetta akaketi kwenye ngazi na suti yake safi. "Mungu wangu. Mimi niko hapa naamua ugomvi wa viatu." Odessa akamkumbatia Verdell. Verdell aliihisi mikono ile kwa mbali, kana kwamba amevaa makoti matatu. Picha ilipigwa hivyohivyo, wote thelathini na mmoja, na aliyetabasamu ni mpiga picha peke yake.

Novemba, Verdell alimshusha Cato Suggs mbele ya ukumbi wa kanisa la Nebo, akamsubiri, mzee akatoka na magongo yake.

"Nilisikia hapa pamefungwa."

"Bado, Mzee Cato."

"Bado ndiyo nini?"

"Januari wanakaa tena."

"Utakwenda?"

Verdell akafikiri. Hakuwa amefikiria Januari, wala Desemba, wala kesho yake.

"Nitakwenda," akasema, akamfunga mkanda.