Tiella ya Mama Mkwe

Tangu aolewe, Dora alikuwa amempikia mama mkwe wake tiella, chakula cha kuoka cha mchele, viazi na kome, kila kiangazi kilipoleta kome wanene, na kila mara malipo yalikuwa neno moja. Bi Lucrezia alionja, akatafuna taratibu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, akaweka uma mezani na kusema, "Imeiva."

Hakusema nzuri wala mbaya.

"Hata kiazi kilichosahauliwa jikoni huiva," Dora humwambia mumewe wakiwa peke yao.

"Mama ndivyo alivyo," Sabino hujibu, naye huendelea na alichokuwa akifanya, ambacho kwa kawaida hakikuwa kitu.

Sasa ilikuwa Jumapili ya mwisho. Bi Lucrezia alikuwa amevunjika nyonga, na ngazi za nyumba zile za mji mkongwe wa Bari hazimhurumii mtu mwenye fimbo. Binti yake Marisa alikuja kutoka Torino na mumewe Renzo kumchukua, akakae nao huko kwenye jengo lenye lifti. Treni ilikuwa ya jioni. Masanduku yalikwisha kupangwa mlangoni, na Dora, aliyekuwa amekaa chini ya paa moja na mwanamke huyu maisha yake yote ya ndoa, alibakiwa na mlo mmoja tu. Alitaka neno la pili. Hakujali ni neno gani, mradi lisiwe lile.

Aliamka alfajiri kufungua kome. Kome wa tiella hufunguliwa wabichi, mmoja mmoja, kwa kisu kifupi juu ya bakuli, ili maji yao yasipotee, kwa sababu mchele utaivia humo. Maji yakizidi unakula uji, yakipungua unatafuna changarawe. Mpaka jua linaingia uchochoroni, vidole vyake vilikuwa na chale kama mikono ya mvulana mtundu. Akapanga kwenye trei: vitunguu, viazi, nyanya, jibini ya kondoo iliyokunwa, kome ndani ya nusu ya ganda lao, mchele, kisha viazi tena juu. Mamumunye hakuweka. Katika mji ule ndugu wamenuniana kwa sababu ya mamumunye ndani ya tiella, na nyumba ya Bi Lucrezia ilikuwa upande wa wasioweka. Bi Lucrezia mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo, wiki ile ile alipoingia kama bibi harusi.

Renzo alichungulia jikoni akiwa na simu mkononi. Alikuwa mtu mwema mwenye tumbo la heshima, na katika siku zake chache mjini alikuwa akila kwa mpango, kama anayetimiza nadhiri.

"Shemeji, pweza mbichi nimekula," alisema. "Sikupenda, lakini nimekula. Vipande vya ugali vya kukaanga kwa yule mama wa kona, tayari. Tambi za umbo la sikio na majani machungu, tayari. Imebaki hii tu. Wanasema ukiondoka Bari bila kula tiella hukufika."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Basi wapishe hao watu, nipite na trei."

Aliipeleka kwa fundi Cataldo, mwoka mikate wa mtaa, kama wanawake wote wa pale wafanyavyo Jumapili. Tanuri la nyumbani huikausha tiella. La Cataldo huipa ukoko. Rafu zilikwisha kujaa trei za watu, zote za bati, zote nyeusi kwa umri, na kila moja ina alama ya mwenyewe, kwa sababu karatasi ingeungua. Dora alikuwa na waya kwenye mshikio wa kulia. Nicoletta, jirani wa uchochoro wa pili, alikuwa na waya kwenye mshikio wa kushoto. Walikubaliana hivyo zamani, wakaridhika. Kila mmoja huenda kuchukua yake mwenyewe, na mwanamke haitambui trei yake kwa waya, huitambua kama amtambuavyo mwanawe kati ya watoto wa shule.

Lakini Jumapili ile Dora alikuwa anakaanga samaki wadogo, Marisa anamvisha mama yake, na saa ya chakula imefika.

"Sabino, kalete trei. Ile yenye waya kulia."

"Kulia," alisema Sabino, akaenda.

Alikawia. Alipata watu wa kubishana nao habari za mpira. Hatimaye alirudi akiwa ameshika trei kwa vitambaa viwili, na harufu ilimtangulia ngazini. Ukoko ulikuwa wa dhahabu. Dora alipitisha kisu, akainua kipande cha kwanza cha Bi Lucrezia, na hapo, kati ya mchele na kiazi, akaona duara la kijani.

Akainua kipande cha pili. Mamumunye mengine.

Alimtazama Sabino. Sabino alitazama trei, kisha akatazama mikono yake mwenyewe, ya kulia na ya kushoto, kama anayeiona mara ya kwanza. Trei ikigeuzwa, kulia inakuwa kushoto. Miaka yote hiyo hakuna aliyeliwaza jambo hilo.

"Dora," alisema polepole.

"Kaa kimya."

Bi Lucrezia alikuwa amekwisha kutia uma. Alitafuna, akasita. Akafumba macho. Dora alisimama na kijiko hewani, akiona aibu ya nyumba ikishuka kooni mwa mama mkwe wake.

"Hii ndiyo," alisema Bi Lucrezia.

Marisa aliinua kichwa. "Nini, Mama?"

"Hii ndiyo tiella. Nipe tena."

Renzo alipiga picha. Marisa alisema, "Wifi, leo umetuua kabisa. Mama hajawahi kusema hivyo hata kwa ya kwangu."

"Ya kwako ni pasta iliyoanguka majini," alisema Bi Lucrezia, mdomo umejaa.

Dora aliketi. Neno alilolingoja lilikuwa limekuja, limepita mbele yake, limekwenda kukaa kwenye trei ya Nicoletta. Angeweza kulichukua. Mkwewe angepanda treni ameridhika, na yeye angebaki na sifa ya kuazima mpaka kufa. Chini ya meza Sabino alimgusa kwa mguu, naye akampiga teke la uhakika.

Mlango ukagongwa. Nicoletta aliingia bila kungoja kuitwa, amevaa aproni, na mikononi ana trei ya Dora iliyokatwa pembe moja tu.

"Nisameheni, mnakula. Dora, shoga, hii ni yako. Tumekata tukakuta hamna mamumunye. Mume wangu ameniuliza kama kuna kitu amenikosea." Akaona mezani trei yake mwenyewe, nusu tupu. "Aa. Naona nyie hamkuuliza."

Marisa alianza kucheka, akaona uso wa Dora, akaacha.

"Mama," Dora alisema, "hiyo unayokula si yangu. Yangu ni hii. Ionje."

Alimkatia mwenyewe. Mchele ulikuwa umesimama punje kwa punje, kome hawakukauka. Ilikuwa haijapata kumtokea vizuri hivyo. Bi Lucrezia alionja. Alitafuna taratibu.

"Imeiva," alisema.

"Basi?"

"Unataka niseme mbichi?"

"Nataka useme kwa nini ile ya mamumunye umefumba macho, na hii umenitazama kama karani wa posta."

Bi Lucrezia alifuta mdomo. "Mama yangu alikuwa anaweka mamumunye," alisema. "Sisi tulikuwa watu wa upande ule wa bandari, wote tuliweka. Nilipoolewa hapa, mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, akaniambia nyumba hii haiingii mumunye. Nikaacha. Sikuila tena mpaka leo."

"Alikufa kabla mimi sijaja."

"Alikufa."

"Mbona mimi ukanifundisha bila mamumunye?"

"Ndivyo inavyopikwa nyumba hii."

"Na miaka yote hii nimepika tusichokipenda?"

"Wewe ulikuwa unapika kwa bidii sana," alisema Bi Lucrezia, sasa naye amekunja uso. "Nikadhani unaipenda hivyo. Nikuvunje moyo? Nikasema imeiva. Na ilikuwa imeiva, kila mara, hilo hukukosea."

Dora alitazama vidole vyake vyenye chale. Kwenye kapu chini ya dirisha yalikuwepo mamumunye machanga, mazuri, ameyanunua juzi ya kukaanga. Tanuri la Cataldo lilikwisha fungwa, na treni haingojei mchele.

"Nicoletta," alisema, "utatuachia kipande cha yako? Mama ale njiani."

"Chukua viwili," alisema Nicoletta, na kwa namna alivyosema ilijulikana kwamba mpaka jioni mtaa mzima utakuwa umesikia. "Na sisi tutakula yako, tutafanyaje. Watoto wana njaa." Akaiinua ile trei ya Dora, akashuka nayo.

Waliporudi kutoka stesheni nyumba ilikuwa pana kuliko kawaida. Baadaye Sabino aliingia jikoni akakuta trei ya Nicoletta imeoshwa na kufutwa, na Dora anafungua waya wa mshikio wake kwa koleo, ili kati ya zile mbili ibaki moja tu yenye waya.

"Jumapili ijayo utaweka mamumunye?" aliuliza kwa tahadhari.

"Ya kumpikia nani?" alisema Dora, na koleo likateleza tena.