Mke wa Fundi Asagisha kwa Jirani

Mume wangu ni fundi wa mashine ya kusaga, na mwaka jana mimi mkewe nilipanga foleni kwenye mashine ya mtu mwingine, debe kichwani. Mtaa mzima uliniona. Mpaka leo wapo wanaosema nilimvunjia heshima, na mimi nawajibu kwamba heshima bila mguu haimfikishi mtu hata sokoni.

Watu wanamwita Bwana Sembe. Ana mashine mbili kwenye kibanda chake: moja ya kukoboa, inayoyavua mahindi ganda na kiini, na nyingine ya kusaga. Wenzake wanakoboa mara moja. Yeye anakoboa mara mbili ndipo asage, na unga wake ukiumwaga juu ya shuka jeupe huuoni. Pumba tulikuwa tunawapa kuku, na kuku wetu, sisemi uongo, walikuwa na afya kumshinda mwenye nyumba.

Maana mwenye nyumba alikuwa na sukari. Siku alipoambiwa hospitali, miaka mitano iliyopita, alirudi akachukua kopo la sukari kabatini akampelekea dada yake. "Mimi na hii basi," akasema. Tangu hapo chai akawa anainywa amekunja uso, na kila mgeni lazima asimuliwe ujasiri huo. Halafu mchana anakaa mbele ya mlima wa ugali mweupe, anaumaliza, anaulizia ukoko. Ukimgusa anakuuliza, "Umeniona nikitia sukari humu?" Ugonjwa unaitwa sukari, basi adui ni sukari, ugali hauna kosa. Nami nisijitie ujanja, niliamini vivyo hivyo, kwani huo ugali nilikuwa nausonga mimi.

Jioni moja akavua kiatu, soksi imelowa damu. Kipande cha waya kilikuwa kimemchoma chini ya kidole gumba tangu asubuhi na yeye hakusikia kitu. Nilimcheka, nikamwambia ana ngozi ya kiboko. Wiki ya tatu kidonda kilianza kunuka, na kicheko kikaniisha.

Kliniki tulimkuta muuguzi, binti wa umri wa kitinda mimba wetu, mpole lakini hafichi neno. "Baba, hiyo ganzi imeletwa na sukari, na kidonda hakifungi kwa sababu sukari iko juu," akamwambia. "Utakuja kusafishwa na dawa utameza. Daktari amekupa wiki sita. Isiposhuka, kidole kitakatwa, na baada ya kidole hatuwezi kukuahidi mguu."

"Mwanangu, sijalamba sukari miaka minne."

"Mchana unakula nini?"

"Ugali."

"Wa unga gani?"

Hapo akasahau hata mguu. Akavimba kifua, akamweleza habari yote ya kukoboa mara mbili. Binti wa watu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa baba, huo unga ukifika tumboni unageuka sukari mbio mbio," akasema. "Lile ganda unalolitoa ndilo lingeuchelewesha." Akatuambia tule mtama, uwele au ulezi usiokobolewa, tena ugali wake usizidi ngumi ya mtu, na sahani iliyobaki ijae majani na kunde. Akanigeukia mimi. "Na dawa asiache hata siku moja, mama. Chakula kinaisaidia dawa, hakikai mahali pake."

Kesho yake nikanunua mtama na uwele, nikaupeleka kwenye mashine yetu. Mume wangu alifunua debe, akatazama, akafunika. "Mashine yangu haisagi chakula cha njaa."

Nikadhani anatania. Siku tatu nilimbembeleza, siku tatu akanijibu hilo hilo, na kidonda kinazidi. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini mimi sikuwa tayari kumzika mtu wangu kwa ajili ya unga. Siku ya nne nikajitwika debe nikaenda kwa mshindani wake, mitaa miwili mbele. Yule bwana aliponiona alizima mashine.

"Shemeji, kwenu mashine imekufa?"

"Mashine nzima. Mgonjwa ni mwenyewe."

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta mlangoni ameegemea fimbo. "Umenivua nguo mbele za watu."

"Afadhali nikuvue nguo leo kuliko nije kukuvalisha kiatu kimoja," nikamwambia. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na hofu, na sikutaka aione hofu.

Akakaa. Ndipo akanisimulia jambo ambalo katika miaka thelathini na moja ya ndoa sikuwahi kulisikia lote. Alipokuwa mdogo mvua ziligoma. Mama yake akawa anasaga mtama kwenye jiwe, anachuma majani kandokando ya njia, anachemsha na kunde chache. Watoto wa jirani walikuwa wanakula sembe ya kununua, na walikuja kuchungulia sahani nyeusi ya kina mume wangu wakacheka. "Tukawa tunafunga mlango tukila," akasema. Aliapa akiwa mkubwa hatagusa mtama tena. Nikaelewa kwa nini anakoboa mara mbili.

Nikasonga ule ugali, nikaweka na mchicha na kunde, nikala naye, mlango nimeuacha wazi. Alikula kama anameza kidonge. Katikati akainua ngumi yake akaniuliza, "Ngumi ya nani, yangu au ya mtoto?" Nikajua tutafika.

Si kwamba mambo yalinyooka. Wiki ya pili nilimfuma nyuma ya kibanda na kipande cha ugali mweupe uliolala, tukagombana mpaka wateja wakaondoka. Lakini vidonge alimeza, ngumi hakuizidisha tena, na namba za kipimo zikawa zinashuka kidogo kidogo. Wiki ya nne nyama mpya ikaanza kuingia kutoka pembeni mwa kidonda.

Wiki ya sita muuguzi alifungua bendeji, akabonyeza, akamwita daktari. Daktari akainama, akatazama muda mrefu. "Kidole kinabaki," akasema. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, wagonjwa wengine wakageuka. Daktari naye akacheka, na nilipomweleza tulivyokula mtama na kunde, akamuuliza mzee wangu, "Kumbe! Vyakula hivi mlivizoea tangu zamani?"

Nilitegemea atakana. Maisha yake yote amewaambia watu, mimi na wanangu tukiwemo, kwamba mama yake hakuwa na cha kuwalisha. Alikuwa anatazama mguu wake.

"Mama alitulisha hivi kila siku," akasema. "Tulikuwa sita. Mwaka ule wa njaa majirani walizika watoto, yeye hakuzika hata mmoja. Nilipojenga akaja kunitembelea, amebeba mfuko wa mtama ameusaga mwenyewe kwa mkono. Nikamrudishia mfuko wake. Nikamwambia hapa kwangu hatuli njaa."

Kisha akasema, "Akaubeba akarudi nao."

Mama mkwe ana miaka kumi na moja kaburini. Muuguzi aliendelea kufunga bendeji polepole, nami nikamshika mume wangu bega.