Mwakilishi wa Malkia

Jotham Kisia alikuwa na sauti kubwa kuliko kazi aliyopewa. Kwao Maragoli hakukuwa na harusi, matanga wala harambee iliyokwenda bila yeye kushika maikrofoni, na hata umeme ulipokatika aliendelea tu, na watu wa nyuma kabisa wakamsikia. Dubai ikampa kiti cha plastiki, kibanda chenye kiyoyozi kinachokohoa, na lango la kuwafungulia Waingereza wenye nyumba zao kule Umm Suqeim, si mbali na Al Quoz alikolala. Mtu aliyezoea kuamrisha uwanja mzima ukae kimya sasa alibaki na maneno mawili kutwa: habari za asubuhi, madam, habari za asubuhi, sir.

Aliyemwokoa ni Madam Hazel wa nyumba ya kwanza. Alikuwa mkunga mstaafu, mjane, umri umepita sabini, na alikuja Dubai wakati barabara bado ni mchanga. Alasiri alimletea Jotham chai mwenyewe, kwa mkono wake. Ilikuwa chai ya Kiingereza, yaani maji ya moto yaliyoonyeshwa majani kwa mbali, lakini Jotham aliinywa yote kwa sababu ilikuja na maswali: mama yako hajambo? Mahindi yametoka vizuri? Yule ng'ombe alizaa? Hakuna mtu mwingine Dubai nzima aliyejua kwamba Jotham ana ng'ombe.

Mwaka huo wa 2002 Malkia wa Uingereza alitimiza miaka hamsini kwenye kiti, na Madam Hazel akaamua kumfanyia sherehe katika bustani ya pamoja, Ijumaa ya mwanzo wa Juni, saa kumi alasiri. Akapita mlango kwa mlango kualika. Wote wakamwambia lo, jambo zuri sana hilo.

Mlangoni ni mlangoni, na langoni ni langoni. Mlinzi ana masikio, na madirisha ya gari hushushwa. Jotham alisikia mambo. "Taji, karne hii? Bado tu?" alisema mmoja. Madam mmoja kijana akasema yeye alimpenda Diana tu, hao wengine hana habari nao. Mwingine alikuwa hana neno na Malkia, mama wa watu anajitahidi, ila Ijumaa ana shughuli. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Sir Colin, mhandisi wa nyumba ya nne, aliyesema hawezi kusherehekea familia inayoishi kwa kodi yake. Jotham aliinua kizuizi, gari likapita. Kila mtu pale alijua Sir Colin alikuja Dubai kwa sababu hakuna kodi.

Mwenyewe Jotham hakuwa na ugomvi na Malkia wala mapenzi naye. Babu yake aliuza mbuzi kulipa kodi ya nyumba enzi za Waingereza, na habari ya mbuzi yule ilisimuliwa nyumbani kwao kama habari ya marehemu wa ukoo. Kwa hiyo taji halikumkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba Ijumaa ile, karibu saa ile ile, Uingereza ilikuwa inacheza na Ajentina katika Kombe la Dunia. Dunia nzima ilijua hivyo isipokuwa Madam Hazel.

"Madam," alimwambia siku mbili kabla, "Ijumaa kuna mpira."

"Mpira ni dakika tisini, Jotham," akajibu. "Malkia ni miaka hamsini."

Basi Ijumaa ikafika, na joto lake. Chakula alikipika Bi Kuruthum, shoga yake Madam Hazel wa siku nyingi, Mzanzibari ambaye watu wake walihamia Dubai baada ya mapinduzi. Alileta sambusa, kachori, vileja na mkate wa kumimina, sinia juu ya sinia. Madam Hazel naye alikata mikate myembamba ya matango, akaipanga mwenyewe. Alivaa gauni la buluu na kofia, akakaa wima karibu na meza, picha ya Malkia imesimamishwa kando yake.

Saa kumi haikuja na mtu. Nusu saa ikapita, vibendera vimelegea kwa joto, na matango yakaanza kukunja kingo. Bi Kuruthum alipepea nzi akaguna. "Shughuli ni watu," alisema kwa sauti ya chini. "Bila watu hii ni biashara ya nzi."

"Wamechelewa kidogo tu," Madam Hazel alisema. Baada ya muda alisimama, akaanza kufunika masinia. Jotham alikuwa amekuja kusaidia kusogeza meza kivulini, na Madam akamwambia bila kumtazama, "Labda mambo haya yamekwisha, Jotham. Labda nimebaki mimi peke yangu."

Jotham aliona uchungu, uchungu hasa, kana kwamba aliyesema ni mama yake. Kwao mzee akipika kisha akafunika sufuria bila mtu kula, hiyo si aibu ya mzee; ni aibu ya kijiji kizima. Na kijiji cha pale, upende usipende, kilikuwa chini ya ulinzi wake.

"Madam, naomba ruhusa niwaite watu wangu."

Alimtazama kutoka chini ya kofia. "Wanampenda Malkia?"

Jotham si mtu wa kusema uongo mbele ya chakula. "Wanapenda sherehe, Madam. Lakini hawawezi kukuacha ukae peke yako."

Alifikiri kidogo, akasema basi waje. Jotham akampigia simu Mercyline, kiongozi wa kwaya yao.

"Mercyline, mko wapi?"

"Kwa basi, ibada imeisha, tunarudi Al Quoz. Kwani?"

"Geuzeni. Kuna mama mzee amepika na hakuna walaji."

"Mama mzee wa nani?"

"Wangu."

"Na hukusema mapema, bana!" Jotham akamsikia akigeuka na kupiga kelele, "Dereva! Yalla, geuza gari! Tuna mwaliko!"

Walishuka langoni na mavazi ya ibada: wanaume kwa suti katika jua lile, akina mama kwa kofia, na dada wawili wa Uganda kwa gomesi zenye mabega yaliyosimama kama masikio. Madam Hazel aliweka mkono kifuani. Tangu aanze kuwaalika Waingereza hakuna aliyemwahidi kwamba atavaa kofia, na hawa kumi na kadhaa hawajaambiwa lolote wamekuja nazo.

Wakapewa sharubati, mazungumzo yakaanza. Zedekiya, Mganda anayepakia mizigo katika ghala moja huko Al Quoz, aliuliza sherehe ni ya nani, akaambiwa. Akatikisa kichwa kwa heshima. "Sisi tuna Kabaka," alisema. "Tukimwona tunalala chini."

"Sisi tulikuwa na chifu," alisema Mercyline. "Tukimwona tulikuwa tunakimbia."

Bi Kuruthum akacheka mpaka buibui likamtelemka begani. "Sie tulikuwa na Sultani wetu, na Waingereza hawakutosheka. Skuli wakatupanga juani tumpungie bendera mgeni wao, hata maji hatukupewa. Mie huyo Malkia hanidai mapenzi. Nimekuja kwa ajili ya Hazel, basi."

Kufikia hapo Jotham alikuwa ameshasahau kwamba yeye ni mlinzi. Alikuwa ameona watu, amemwona mwenye shughuli, na kwaya ilikuja na maikrofoni yake na kipaza sauti cha kubeba. Damu ikamchemka. Alitoa kiti kizuri sebuleni kwa Madam, akakitandika kitambaa cheupe cha kufuma, akakiweka mbele kando ya picha, akaifanya ile kuwa meza kuu. Akatangaza ratiba ambayo hakuna aliyeiandika: maombi, wimbo, hotuba ya mgeni wa heshima, kisha chakula. Zedekiya akaomba, na kama kawaida yake alizungukia mataifa yote kabla ya kurudi bustanini. Kwaya ikasimama kuimba.

Wimbo ukiwa katikati, honi zikaanza barabarani. Uingereza imeshinda, bao moja kwa bila! Magari yalipita lango lililoachwa wazi, bendera madirishani, Waingereza wakamwagika kutoka ndani wakiwa wekundu kwa furaha, jezi zimelowa jasho. Walisikia sauti nne za kwaya, wakasikia harufu ya sambusa, wakafuata pua zao. Mbele yao alikuwa Sir Colin, uso mzima umepakwa rangi nyeupe na msalaba mwekundu. Alimbusu Madam Hazel shavuni, akachukua sahani, akanyoosha mkono.

Jotham akasimama kati yake na sinia.

"Samahani, sir. Bado. Mgeni wa heshima hajazungumza."

"Mgeni gani?"

"Malkia, sir."

"Lakini Malkia yuko London!"

"Najua, sir. Mwakilishi wake ni nani?"

Waingereza wakatazamana. Hawakuwa na habari, maskini, kwamba katika nchi zetu mgeni wa heshima hafiki. Anaalikwa, anatajwa, anawekewa kiti, kisha anatuma mtu asome maneno yake, na kabla ya maneno hayo hakuna anayegusa wali. Jotham alikuwa ameongoza shughuli zisizo na hesabu, na waziri aliyewahi kufika mwenyewe alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa amepotea njia. Alidhani mambo haya ni ya dunia nzima. Alidhani hasa Waingereza wanayajua, maana yeye siku zote aliamini ndio waliotufundisha.

Madam Hazel alikuwa ameshika rangi mashavuni. "Jotham, mwanangu," alianza kwa upole, "hakuna mtu aliyetumwa..."

Lakini Jotham alikuwa anatafuta, na macho yake yana uzoefu. Mwakilishi hujulikana kwa dalili: huchelewa, huja na magari yanayopiga honi, na akifika huenda moja kwa moja kwenye chakula. Akamtazama Sir Colin juu mpaka chini. Hakuwa na shaka hata chembe.

"Mabibi na mabwana," ile sauti ya Maragoli ikapasua bustani, ikavuka ukuta, na paka wa jirani akaruka, "mwakilishi wa Malkia amefika! Makofi!"

Kwaya ikapiga makofi ya mpangilio, yale ya kuhesabiwa yanayoitwa kwao kilo moja. Waingereza wakashika mbavu kwa kicheko.

"Mimi?" Sir Colin alisema. "Mimi hata simtaki!"

"Wawakilishi wengi ndivyo walivyo, sir," Jotham akamjibu, akamkabidhi maikrofoni.

Alisogezwa mpaka meza kuu, sahani yake tupu mkononi. Akacheka, akajikohoza. "Malkia amenituma niseme kwamba Ajentina wamekipata walichokitaka," alisema, na wenzake wakashangilia. Alikuwa anafungua mdomo kuongeza mzaha mwingine alipomwona Madam Hazel.

Madam Hazel alikuwa amesimama. Mikono imekunjwa mbele, kofia imenyooka. Kwake yeye maneno ya Malkia yakisomwa mtu husimama, hata msomaji awe na rangi usoni. Wanakwaya walipomwona na wao wakasimama. Kicheko kikafa polepole.

Sir Colin alitazama viatu vyake. "Anasema anamshukuru Hazel. Anasema ameambiwa kwamba binti yangu aliposhikwa na degedege, Hazel alivuka bustani hii bila viatu, akamshika mpaka gari likaja." Akajifuta uso, na msalaba ukageuka uji mwekundu. "Anasema yeye hupigiwa makofi akipita tu barabarani, na kuna mwanamke huku amepokea watoto wa watu miaka yote hii bila kupigiwa na mtu. Anaomba radhi kwamba watu wake wamechelewa." Akarudisha maikrofoni haraka, kana kwamba inamchoma.

Jotham aliyatafsiri yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kupunguza sauti. Alipofika kwenye degedege, Mercyline alitoa leso. Alipomaliza, vilipigwa vigelegele ambavyo Umm Suqeim haijawahi kuvisikia, na Bi Kuruthum, aliyekuja bila mapenzi ya Malkia, alipiga kuwashinda wote.

Desturi nayo ina mkia wake: mwakilishi haondoki mikono mitupu. Lazima wananchi wamtume kwa aliyemtuma. Zedekiya akaomba viza. Mercyline akaomba viza ya kwaya nzima, pamoja na basi. Bi Kuruthum akasema, "Mwambie nilimpungia mgeni wake. Yale maji ya kunywa bado nadai." Sir Colin alitikisa kichwa kwa kila mmoja, akaahidi kila kitu, kama mwakilishi kamili.

"Sasa mwenye shughuli," Jotham akasema, akamsogezea Madam Hazel maikrofoni. "Madam, akamwambie nini Malkia?"

Madam Hazel hakuishika. Alitazama zile kofia, zile gomesi, zile jezi zilizolowa, wale watu wazima waliopakwa rangi wakimsubiri azungumze ili wapate kula.

"Mwambie," alisema, "watu walikuja."

Jotham aliyatafsiri hayo maneno mawili kwa sauti ya chini, maikrofoni ameishusha. Mercyline ndiye aliyeinua ile picha kutoka mezani ili masinia yapate nafasi, akafunua la kwanza.