Kura ya Bi Keziah wa Wapping

Marehemu Obadiah Pomfret, mshona matanga wa meli za Kampuni, ile ya wafanyabiashara waliokuwa wakiitawala Bengali ng'ambo, alimwachia mkewe Keziah nyumba inayovuja, paka mwenye hasira, na hisa. Nyumba na paka Bi Keziah alivielewa. Hisa hakuzielewa mpaka magari ya farasi yalipoanza kusimama mlangoni petu, pale Wapping, ambako gari likisimama basi ni la makaa ama la maiti.

Mimi nilipanga chumba chake cha juu nikishona mashati ya mabaharia. Sakafu ilikuwa nyembamba, nami sikuwa na haja ya kutega sikio.

"Bi Pomfret, hisa zako zina kura," alisema Bwana Septimus Hallowby, aliyekuwa akiutaka ukurugenzi wa Kampuni.

"Kura ya nini?"

"Ya kuchagua wakurugenzi. Na kuamua mambo ya Bengali."

"Bwana wee! Mimi hata mbunge siruhusiwi kumchagua. Eti mwanamke."

"Bunge ni siasa, bibi. Bengali ni mali tu."

Basi tukala vinono. Huyu analeta majani ya chai, yule paja la nguruwe, na wote wakamsifu paka, ambaye aliwaparura bila upendeleo. Bi Keziah aliwakalisha kwenye kiti kilicho chini ya tundu la dari. Mvua ikinyesha, mabwana walilowa huku wakitabasamu, na hakuna aliyethubutu kusogea.

Majira ya baridi yalipoingia, Bi Keziah alimkuta mwanamke kwenye ngazi za gati, amekalia sanduku lake mvuani. Jina lake Phulmoni, yaya kutoka Kalkuta. Mke wa afisa mmoja alikuwa amemchukua alee watoto melini, akamwahidi nauli ya kurudi, na walipotia nanga akamwambia kwaheri. Bi Keziah alimkaribisha kwa usiku mmoja. Akakaa msimu mzima. Alitia tangawizi na pilipili kwenye mikunga yetu, wale samaki warefu kama nyoka, tukatokwa jasho na machozi, tukaomba tena.

Bwana Hallowby alirudi kuomba kura, akakaa kitini pake, akaanza kueleza jinsi watu wa Bengali wanavyoipenda Kampuni. Phulmoni alikuwa akimmiminia chai.

"Wanaipenda akina nani?" akauliza. "Kijijini kwetu mwaka wa njaa watoza kodi walikuja kama kawaida. Mama yangu wakamkuta maiti, wakamdai mjomba."

Bwana Hallowby alimgeukia Bi Keziah. "Anazungumza vizuri kweli," akasema, kama mtu anayemsifia mwenzake kasuku.

Bi Keziah aliweka kikombe chini. "Kura yangu unaitaka?"

"Kwa moyo wote, bibi."

"Mrudishe huyu kwao kwa meli yenu."

"Nikiingia tu! Wiki hiyohiyo!"

Akaingia, kwa tofauti ya kura chache mno. Wiki hiyohiyo ikapita, na nyingine zikaifuata.

Huku nyuma Bunge nalo lilikuwa limechoka na Kampuni. Wabunge walisema haifai wafanyabiashara kutawala mamilioni ya watu bila msimamizi, wakapitisha sheria: makamishna wa serikali wawekwe juu ya wakurugenzi, wasome kila amri inayokwenda Bengali na kuirekebisha watakavyo. Bi Keziah alifurahi akatununulia bia.

"Sasa yupo wa kumshtakia," akasema.

Alivaa kofia yake ya kanisani, akamshika Phulmoni mkono, nami nikafuata. Tulianzia jumba la Kampuni, mtaa wa Leadenhall. Bwana Hallowby, aliyekuwa amenenepa kidogo, alitupokea akiwa amesimama.

"Ningependa sana, bibi, lakini mikono yangu imefungwa. Raia wa Bengali siku hizi ni suala la utawala. Nendeni kwa makamishna."

Tukavuka mji mzima kwa miguu mpaka Westminster. Huko karani mwenye wigi jipya alitusikiliza kwa adabu zote.

"Nafasi melini?" akasema. "Hiyo ni biashara, mama. Sisi biashara hatugusi, sheria inakataza. Rudini kwa wakurugenzi."

"Wao wamesema ni utawala."

"Basi na watuandikie, sisi tutawasahihisha."

"Ngoja kwanza," Bi Keziah akasema. "Wao wanaandika, ninyi mnasahihisha, wao tena wanatia saini. Bengali ikiharibika, anachapwa nani?"

Karani alifikiri, maskini, alifikiri kweli. "Sidhani kama sheria imefika huko, mama."

Phulmoni akacheka mpaka akakaa sakafuni. Njiani kurudi, nilipomtazama, alikuwa analia.

Asubuhi yake Bi Keziah alikwenda kwa dalali akauza kipande kidogo cha hisa. Nilimkumbusha kwamba kura inataka hisa zilizotimia, zikipungua hata kidogo hana kura tena.

"Najua, mwanangu. Kura nimeishika miaka mitatu. Umeona imemfikisha mtu hata Gravesend, hapo mtoni tu?"

Nauli ikapatikana, tena kwa meli ya Kampuni ileile, maana nyingine hazikuwepo. Gatini walikumbatiana muda mrefu. Phulmoni alimwachia kifuko cha pilipili na maagizo ya kuwakaripia wauza mikunga.

Aprili Bwana Hallowby alikuja na kwale wawili wanono, akimpigia debe shemeji yake. Alikaa chini ya tundu bila kuambiwa.

"Karibu, bwana," Bi Keziah akasema. "Ila kura sina. Niliiuza ikawa nauli."

Nilisikia kiti kikisukumwa. Nilipochungulia ngazini, bwana alikuwa amewashika kwale wake miguu, mmoja huku, mmoja huku, anatafuta namna ya kufungua mlango bila kuwaweka chini. Bi Keziah akamfungulia.

Mwaka uliofuata baharia mmoja aliniletea shati nilitie viraka, akaniambia Phulmoni alishuka Kalkuta salama, na kwamba mara ya mwisho kumwona alikuwa anagombana na wapagazi wawili juu ya sanduku lake, na wapagazi walikuwa wanashindwa. Nilimwita Bi Keziah apande, nikamtaka baharia asimulie tena toka mwanzo.