Pistoni ya Shemeji

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alitaka pikipiki yake ya matairi manne, ya mashindano, ifungwe pistoni kubwa kuliko zote. Nikamwambia silinda ikichongwa kiasi hicho, ukuta wake utabaki mwembamba, injini itapasuka. Akanuna, na mke wangu naye akaninunia. Basi nikamfungia ya kati, nikamwambia ndiyo ile kubwa.

Mwaka wa tatu huu injini haijakohoa, na kushinda anashinda. Leo kaniletea gereji wateja wanne, kila mmoja kashika pistoni aliyojinunulia, kubwa kweli kweli.

“Waambie, fundi,” akasema shemeji, “yangu imewahi kunisumbua?”

Nikazitazama zile pistoni nne mikononi mwao.

“Haijawahi,” nikajibu, na hapo sikudanganya.